Namba Moja Ilikuwa ya Nani?

Ukitaka kumnasa mtu anayejigamba kuujua muziki wa zamani, usimuulize habari za Beatles. Hizo amekwisha kuzikariri. Muulize hivi: wimbo uliofunga miaka ya sitini ukiwa namba moja Marekani uliimbwa na nani? Akiwa mjuzi kweli atakujibu bila kufikiri: The Supremes, "Someday We'll Be Together", chati ya tarehe 27 Desemba 1969. Mpe nusu ya maksi. Tarehe kaipata, wimbo kaupata, waimbaji kawakosa.

Lebo ya santuri inasema Diana Ross & The Supremes, na sauti inayoongoza ni ya Diana, hapo hakuna ubishi. Lakini Mary Wilson na Cindy Birdsong, wenzake wawili waliokuwa wakipigwa naye picha, hawakuimba humo hata neno moja. Walioitikia ni Maxine na Julia Waters, ndugu wa damu ambao kazi yao ilikuwa kuitikia nyimbo za wengine. Na ile sauti ya kiume inayomchombeza Diana katikati ya mistari ni ya mtayarishaji, Johnny Bristol. Yeye ndiye aliyeutunga wimbo huo pamoja na Jackey Beavers na Harvey Fuqua, na mwaka 1961 yeye na Beavers waliurekodi bila mtu kugeuza shingo. Safari hii akaingia kwenye rekodi kwa bahati tu: alikuwa chumba cha pembeni akimtia Diana hamasa kwa maneno, fundi mitambo akazinasa sauti zote mbili, na Berry Gordy, mwenye kampuni ya Motown, alipoisikia akaamua iachwe hivyo hivyo.

Wimbo ulikuwa umepangwa uwe wa kwanza wa Diana akiwa peke yake. Gordy akaona unafaa zaidi kwa kuagana, maana Diana alikuwa akiondoka kundini. Basi kundi likawaaga mashabiki wake kwa wimbo wa kuahidi kwamba siku moja tutakuwa pamoja, na theluthi mbili ya kundi haimo. Tarehe 21 Desemba 1969 wote watatu walisimama kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, wamependeza, wakauimba mbele ya Marekani nzima. Kila nikikumbuka hilo namfikiria Mary Wilson, na jinsi alivyopaswa kujifunza kuitikia kama walivyoitikia watu wengine kwa niaba yake.

Nilianza kukusanya vitu kama hivi kwa ajili ya mashindano ya chemsha bongo, kwa nia ya kuwashinda wenzangu na si zaidi. Sasa navisoma kama mtu anavyosoma daftari la duka. Ukishajua wimbo gani ulikaa namba moja kwa wiki ngapi, hujajua kitu. Uliza nani hasa yumo ndani ya ile santuri na nani alilipwa, hapo ndipo vibao vya 1966 hadi 1969 vinapoanza kusema.

Tuanze na hiyo namba moja yenyewe, maana watu huiheshimu kuliko inavyostahili. Marekani, jarida la Billboard lilikuwa na chati yake ya Hot 100 tangu Agosti 1958, ikichanganya mauzo ya madukani na nyimbo zinazopigwa redioni. Lakini hakuna aliyehesabu santuri moja moja. Maduka yalitoa taarifa yenyewe ya kinachouzika, na kituo cha redio kilitaja chenyewe kinachopigwa. Hesabu ya kweli ya mashine ilikuja mwaka 1991. Uingereza ndiko kulikuwa na vituko zaidi. Kila gazeti la muziki lilitengeneza chati yake, na BBC ilichukua chati za wengine ikazitafutia wastani. Ni Februari 1969 tu ndipo chati moja rasmi ilipoanzishwa, ikitegemea madaftari ya mauzo ya maduka kama 250. Kabla ya hapo wimbo uliweza kuwa namba moja kwa jirani na namba mbili kwako. Waulize mashabiki wa Rolling Stones kuhusu "19th Nervous Breakdown" ya 1966: kwenye chati ya gazeti la NME ilifika kileleni, kwenye ile ya Record Retailer, ambayo baadaye ndiyo iliyochukuliwa kuwa ya kumbukumbu, iliishia ya pili. Wote wako sahihi na ugomvi hautakwisha.

Sasa twende kwenye bendi ambazo hazikuwepo.

Wimbo uliotangazwa na Billboard kuwa wa kwanza kwa mwaka mzima wa 1969, mwaka wa tamasha la muziki la Woodstock na wa binadamu kutua mwezini, uliimbwa na katuni. "Sugar, Sugar" ya The Archies ilikaa wiki 4 kileleni Marekani na wiki 8 Uingereza, na Archie na wenzake walikuwa vijana wa kuchorwa. Sauti ilikuwa ya Ron Dante, kijana wa studio, akisaidiwa na Toni Wine. Miezi hiyo hiyo Dante alikuwa pia kwenye kumi bora kwa jina la kundi jingine, The Cuff Links, wimbo "Tracy", na humo sauti zote ni zake, moja juu ya nyingine. Mtu mmoja, vibao viwili, na ukimkuta kwenye foleni ya basi usingemtambua.

Aliyeusimamia mradi wa Archies ni Don Kirshner, na hapo kuna kisa. Kirshner ndiye aliyekuwa akiwachagulia nyimbo The Monkees, wale vijana wanne walioteuliwa kwa ajili ya tamthilia ya televisheni. Aliwapa "I'm a Believer", utunzi wa Neil Diamond, ikakaa namba moja wiki 7 kuanzia mwisho wa 1966. Lakini vijana walichoka kuweka sauti tu huku vyombo vikipigwa na watu wengine. Walitaka kupiga wenyewe. Mzozo ukawa mkubwa, na mapema 1967 Kirshner akaondolewa. Somo alilolipata ni la kibiashara kabisa: safari nyingine akachukua wasanii wa karatasi, ambao hawadai kitu.

Na kwa kuwa nimewataja Monkees, tahadhari kidogo kwa wapenda chemsha bongo wenzangu. Kwa miaka mingi tumekuwa tukipeana ile hadithi kwamba mwaka 1967 Monkees waliuza santuri nyingi kuliko Beatles na Rolling Stones kwa pamoja. Nami nimeshaitumia, na nikapewa pointi. Michael Nesmith, mmoja wa wale wanne, alikuja kukiri katika kitabu cha maisha yake kwamba aliitunga mwenyewe akimtania mwandishi wa habari mwaka 1977. Mwandishi akaandika, wengine wakanakili, ikawa historia.

The Archies angalau walikuwa na sura, ingawa ya kuchorwa. Steam hawakuwa na chochote. Mwaka 1969 Paul Leka na Gary DeCarlo walihitaji kitu cha kujaza upande wa B wa santuri ya DeCarlo. Walitaka kiwe dhaifu makusudi, ili watangazaji wasije wakashawishika kukipiga badala ya upande wa A. Wakaufufua wimbo wa zamani ambao haukuwahi kukamilika, wakachukua ngoma kutoka kwenye rekodi nyingine waliyokwisha kuifanya, Leka akapiga kinanda, na mahali walipokosa maneno ya kiitikio wakaweka "na na na na". Kampuni ilipousikia ikaona huu ndio wimbo. Ukatolewa kwa jina la Steam, bendi ambayo haikuwepo, na Desemba 1969 "Na Na Hey Hey Kiss Him Goodbye" ukawa namba moja kwa wiki 2. Likatafutwa kundi la vijana wa kuzunguka majukwaani kama Steam. Mwenye sauti hakuwa miongoni mwao. Hadi leo viwanja vya michezo vya Marekani humuaga aliyeshindwa kwa yale ma-na-na ya kujazia nafasi.

Mpaka hapa unaweza kucheka. Lakini kuna kesi moja ambayo hucheki nayo, kwa sababu ilifika hadi kwa majaji wa juu kabisa wa Uingereza.

"A Whiter Shade of Pale" ya Procol Harum ilitoka Mei 1967 na kukaa namba moja Uingereza wiki 6. Hata asiyejua neno moja la Kiingereza akisikia kinanda cha mwanzo anaujua wimbo. Kina harufu ya Bach, mtunzi wa kale wa Ujerumani, na ya kanisa tupu jioni. Aliyekipiga ni Matthew Fisher. Walioandikwa kuwa watunzi ni wawili: Gary Brooker kwa muziki na Keith Reid kwa maneno. Hata aliyepiga ngoma, Bill Eyden, alikuwa mpigaji wa kukodiwa. Fisher aliondoka kwenye bendi mwaka 1969, akafanya mambo mengine, na mwaka 2005, miaka 38 baada ya wimbo kutoka, akaenda mahakamani kudai kuwa kile kinanda ni utunzi.

Watu walimuuliza alikuwa wapi siku zote. Ni swali la haki, nami sikulipuuza. Mtu ukikaa kimya hivyo unawafanya wenzako waamini mambo yamekwisha. Lakini tazama mahakama ilivyohangaika. Desemba 2006 jaji wa kwanza alimpa asilimia 40 ya haki ya muziki, kuanzia siku alipodai, si tangu 1967. Aprili 2008 Mahakama ya Rufani ikasema ndiyo, ni mtunzi mwenza, ila hela hapati kwa kuwa amechelewa mno. Heshima bila posho. Tarehe 30 Julai 2009, siku ya mwisho-mwisho ya jopo la mabwana majaji wa Bunge la Uingereza kabla ya kazi hiyo kuhamishiwa Mahakama ya Juu, wakaamua kwa kauli moja kwamba Fisher alipwe: sheria yao ya hakimiliki haikuweka kikomo cha miaka kwa dai la aina hiyo.

Ninavyoona mimi, majaji walikuwa sahihi, na walisema jambo ambalo kampuni za santuri hazikutaka lisemwe kamwe. Desturi ya zamani ilimwita mtunzi yule aliyeleta maneno na sauti ya kuimbwa. Wengine wote ni vibarua wa siku, wachukue ujira wao waende. Fisher alikwenda na swali rahisi: ukiondoa kinanda, kinabaki nini?

Hapo hapo mtu atanikumbusha Aretha Franklin, na ana haki. "Respect" ilitungwa na Otis Redding, akaitoa mwenyewe mwaka 1965, wimbo wa mume anayerudi nyumbani akitaka heshima yake. Aretha aliurekodi tarehe 14 Februari 1967 na kuugeuza kichwa chini miguu juu: anayedai heshima ni mwanamke, herufi za neno "respect" zinatajwa moja moja, dada yake na mdogo wake wanaitikia kama kikosi. Juni ukawa namba moja. Leo ukitaja wimbo huo hakuna anayemfikiria yule mume wa kwenye wimbo wa Otis. Ila kwa sheria ya Marekani, redio za kawaida humlipa mtunzi, hazimlipi mwimbaji. Mamilioni ya mara uliyopigwa hewani, malipo yalikwenda upande wa Redding. Aretha, aliyeuandika upya kwa koo lake, redio hazikumpa senti. Sina tatizo na Redding kulipwa. Ajabu ni kwamba ukimpeleka Aretha kwenye mizani ile ile aliyopimiwa Fisher, sijui nani angethubutu kusema hakutunga.

Redding mwenyewe hakupata muda wa kuona mengi. Alikufa kwenye ajali ya ndege tarehe 10 Desemba 1967, akiwa na miaka 26, siku chache baada ya kurekodi "(Sittin' On) The Dock of the Bay". Steve Cropper, mpiga gitaa aliyeutunga naye, aliumalizia studio kwa sauti za mawimbi na ndege wa baharini. Machi 1968 ukawa wimbo wa kwanza katika chati ya Marekani kufika namba moja mwimbaji akiwa kaburini. Ule mluzi wa mwisho, ambao kila fundi rangi na kila mlinzi wa usiku duniani anaweza kuupiga, unasemekana ulikuwa wa kushikilia nafasi tu mpaka maneno yapatikane.

Kuna kundi jingine la visa ambavyo nitavipitia mbio, vya mabosi waliokataa dhahabu. Marvin Gaye alirekodi "I Heard It Through the Grapevine" mapema 1967, Gordy akaikataa. Wakapewa Gladys Knight & the Pips, wakaifikisha namba mbili. Ile ya Marvin ikatupwa ndani ya albamu mwaka 1968, watangazaji wa redio wakaivumbua wenyewe, kampuni ikalazimika kuitoa, na ikakaa namba moja wiki 7. Lulu, binti wa Glasgow, aliimba "To Sir, with Love", ikawa namba moja Marekani wiki 5 mwaka 1967 na ya kwanza kwa mwaka huo katika hesabu ya Billboard. Kwao Uingereza ilikuwa upande wa B na haikuingia hata kwenye chati. Louis Armstrong ndiye anayeniuma. Mkuu wa kampuni yake Marekani hakuipenda "What a Wonderful World", akagoma kuitangaza, ikauza nakala chini ya 1,000. Uingereza ikawa namba moja wiki 4 mwaka 1968, mzee akiwa na miaka 66. Alifariki mwaka 1971, kwao wimbo huo ukiwa bado haujulikani sana.

Sisi huku hatukuwa na chati; tulikuwa na vipindi vya salamu, na ukubwa wa wimbo ulipimwa kwa wingi wa majina yaliyosomwa kabla haujapigwa. Lakini Afrika ilifika kwenye kile kilele mara moja, na jinsi ilivyofika hakuelezwi vya kutosha.

Julai 1968 "Grazing in the Grass" ya Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, ilikaa namba moja Marekani kwa wiki 2. Haina neno hata moja. Iliiondoa kileleni "This Guy's in Love with You" ya Herb Alpert, ambaye naye ni mpiga tarumbeta, ila safari hiyo alikuwa ameamua kuimba. Masekela alikuwa na albamu iliyopungukiwa dakika kama tatu hivi. Utunzi umeandikwa kwa jina la Philemon Hou, Mwafrika Kusini mwenzake, mwigizaji na mwimbaji. Na Masekela alieleza kwamba mdundo ule wa kengele ya ng'ombe ulitokana na santuri moja ya Zambia. Kwa hiyo Zambia nayo ilikuwa kileleni, bila kuandikwa popote kwenye lebo. Naungama kwamba hapa napata taabu. Masekela ni wetu, na ushindi wake, wakati nchi yake ikiwa imefungwa mlango mbele yake, ni ushindi ninaoufurahia. Lakini swali lile lile nililowauliza Procol Harum siwezi kulimeza eti kwa kuwa anayeulizwa ni ndugu.

Nirudi Detroit, mji wa Motown, nilikoanzia. Nyuma ya karibu kila kibao cha Motown cha miaka hiyo lilikuwepo kundi la wapigaji wa studio walioitwa Funk Brothers, na nguzo yao ilikuwa James Jamerson, mpiga besi aliyechuna nyuzi kwa kidole kimoja. Besi ya "Grapevine" ya Marvin ni yake. Kwenye santuri hizo hutaona jina lake. Motown haikuwataja wapigaji wake mpaka albamu ya Marvin Gaye ya 1971. Mwaka uliofuata kampuni ikahamia Los Angeles, na wengi wa wapigaji wakaachwa na ujuzi wao.

Machi 1983 Motown ilifanya sherehe kubwa ya kutimiza miaka 25, Pasadena, California, ikarekodiwa kwa ajili ya televisheni. Usiku ule Diana Ross, Mary Wilson na Cindy Birdsong walipanda jukwaani pamoja tena, na wimbo waliouimba ni "Someday We'll Be Together". Jamerson hakualikwa. Alijinunulia tiketi, akakaa viti vya nyuma, akasikiliza. Agosti mwaka huo huo akafariki.